Nafasi ya Mvulana wa Tatu

Mtoto huyo alifariki katika wiki ya thelathini na saba ya mimba, kabla hajavuta hewa ya Kasese, na kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo nyumba yangu iligawanyika juu ya jambo moja tu: ahesabiwe, au asihesabiwe.

Msomaji asiyetoka kwetu anahitaji maelezo. Sisi Wakonzo wa magharibi mwa Uganda humpa mtoto jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa. Wavulana wana mfululizo wao na wasichana wana wao. Mvulana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na mtu akikuita sokoni amekwisha kujua, kabla hujageuka, ni kaka wangapi waliokutangulia. Mtoto anayekufa kabla ya kulia huwaacha wenzake katika utata. Akiwa wa tatu, akahesabiwa, jina la tatu huenda naye ardhini, na mdogo wake ataitwa wa nne maisha yake yote. Asipohesabiwa, mdogo wake atalichukua jina la tatu na itakuwa kana kwamba hapakuwa na mtu. Anayetamka ni mkuu wa nyumba. Mkuu wa nyumba hiyo nilikuwa mimi.

Nilifundisha baiolojia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kupokea jibu lililoanza kwa neno “wanasema”. Nilikuwa nikimwuliza mwanafunzi: nani anasema, na aliona wapi? Akishindwa kujibu, aliketi bila alama. Nilipostaafu nilihamia na kanuni hiyo nyumbani kwangu, katika sehemu ya Nyamwamba, nikaishi nayo pamoja na mke wangu, mkamwana wangu na wajukuu wawili wa kiume. Mwanangu, baba wa watoto hao, alifanya kazi kiwandani Hima na kurudi kila Jumamosi, vumbi la saruji likiwa bado masikioni.

Mkamwana alitoka Bwera, katika familia ya wafanyabiashara wa mpakani. Alikuwa mchapakazi na mwenye kucheka kwa urahisi, lakini kicheko chake nilikisikia kupitia ukuta tu. Kwetu mkamwana na baba mkwe wake hawapeani mikono, hawakai karibu, na mambo ya mwili wake hayatajwi mbele ya mzee. Heshima hiyo sikuibuni mimi; hata hivyo, niliishika kwa ukali zaidi kuliko wazee wengi wa rika langu. Kwa hiyo alipopata mimba ya tatu, katikati ya muongo uliopita, nilielezwa na mke wangu, na kila nilichojua kuhusu mimba hiyo tangu siku ile kilipitia kinywani mwa mke wangu.

Nilikuwa na kitabu cha kiada, toleo la zamani, chenye mchoro wa tumbo la uzazi lililokatwa katikati. Kila Jumapili baada ya ibada nilikifungua, nikahesabu wiki, nikamweleza mke wangu mahali mtoto alipofikia. Yeye alivuka ua hadi jikoni akapeleka taarifa, kisha akarudi na majibu.

Katika wiki ya nane nilimwambia kwamba mtoto ana ukubwa wa tunda la kahawa, kwamba moyo umekwisha kuanza kupiga, na kwamba vidole vinaanza kuachana.

Mke wangu alirudi akijifuta machozi ya kicheko. “Anasema kama ni tunda la kahawa, mbona linamtapisha kama gunia zima?”

“Mwambie kutapika kutapungua baada ya wiki ya kumi na mbili.”

“Nitamwambia. Lakini Mwalimu, ukiona mtu anatapika, mpe pole kwanza, ndiyo umpe wiki.”

Katika wiki ya kumi na mbili mtoto alitoshea katika kiganja cha mtoto mwenzake. Alikuwa na mashina ya kucha. Alikuwa akijinyoosha na kujikunja katika maji yake, ingawa mama hakuweza kumhisi. Wiki ya ishirini ilipokaribia, mke wangu aliniletea habari kwamba mtoto ameruka tumboni kanisani, katikati ya mahubiri. Nilijibu kwamba hilo lilitazamiwa.

“Yaani hata kuruka kwake unakujua kabla yake,” alisema mke wangu. “Siku akizaliwa atakukuta umekwisha kumaliza kuishi kwa niaba yake.”

Kitabu kilieleza kwamba katika mwezi wa sita mtoto huanza kusikia: kwanza mapigo ya moyo wa mama yake, na mlio wa damu na utumbo, kisha sauti za nje zinazopita katika nyama. Sikulisema hilo Jumapili hiyo. Lakini tangu juma lililofuata nilihamisha kiti changu kutoka ukumbini, nikakiweka kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni, na nikawa nasoma gazeti kwa sauti. Nilisoma habari za bei ya pamba, za barabara, za bunge. Mke wangu alinivumilia siku tatu.

“Tangu lini unamsomea ukuta?”

“Macho yangu yamechoka. Nikisoma kwa sauti naelewa zaidi.”

Alinitazama, akaingia jikoni, na sikusikia kicheko safari hiyo. Nilisikia kigoda kikiburutwa kuja upande wa ukuta niliokuwa nimeuegemea.

Mwezi wa saba macho yalifunguka. Mwezi wa nane mafuta yalianza kujaa chini ya ngozi, na yale manyoya laini yaliyofunika mabega yakaanza kupukutika. Kichwa kiligeukia chini. Kliniki iliandika katika kadi kwamba yote ni sawa, na niliamini kadi kwa kuwa ilikuwa imeandikwa.

Palikuwa na mwanamke mmoja, jirani yetu wa nyumba ya pili, mzee, ambaye zamani alikuwa akiwasaidia wanawake kujifungua. Alikuwa na maneno mengi. Alisema mjamzito akisimama mlangoni, mtoto atakwama njiani. Alisema akila mayai, mtoto atazaliwa bila nywele. Nilikuwa nimemkataza mke wangu kuyaleta maneno hayo katika ua wangu, na nilifanya hivyo kwa sauti ambayo jirani angeisikia.

Alhamisi moja asubuhi, nikiwa mezani, mke wangu aliingia na sufuria mkononi.

“Anasema mtoto ametulia.”

Nilipaswa kuuliza: ametulia tangu lini? Ningemwuliza hivyo mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza. Sikuuliza.

“Katika mwezi wa tisa nafasi huwa imekwisha,” nilisema. “Mtoto amekua, hawezi kugeuka kama zamani. Ni kawaida.”

“Mama jirani anasema mtoto akinyamaza aende akasikilizwe, na aende leo.”

“Mama jirani alisema pia mayai yanamaliza nywele. Ana ushahidi gani?”

“Amezaa tisa.”

“Kuzaa si ushahidi.”

Mke wangu alisimama na sufuria yake. Alikuwa mwanamke wa kujibu, lakini asubuhi hiyo aliuliza tu: “Basi nimwambie nini?”

“Mwambie anywe maji, apumzike. Siku ya kliniki ni Jumatatu.”

Alivuka ua. Kutoka mezani pangu hadi mlango wa jikoni ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu mara nyingi tangu wakati huo. Ningeweza kwenda kumwuliza mwenyewe. Lakini mzee haendi jikoni kumwuliza mkamwana habari za tumbo lake, na tena nilikuwa nimekwisha kujibu.

Ijumaa, saa nne asubuhi hivi, mkamwana aliingia sebuleni. Katika miaka yote aliyoishi kwangu hakuwahi kuingia humo nikiwa nimeketi. Hakupiga magoti kama desturi ilivyotaka. Alisimama, mkono mmoja chini ya tumbo, na akanitazama usoni.

“Baba, mtoto hajacheza tangu Jumatano jioni. Nilimwambia Mama. Nimelala ubavu huu na huu, nimekunywa maji kama ulivyosema. Hachezi.”

Hayo ndiyo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia. Tangu Jumatano jioni. Nilipotoa jibu langu Alhamisi asubuhi, usiku mzima ulikuwa umekwisha kupita.

Jirani mwingine, Mwislamu anayesafirisha bidhaa kati ya Kasese na Bwera, alikuwa anapakia gari lake. Alituona tukitoka, akashusha magunia bila kuombwa.

“Mzee, panda mbele. Mama, lala tu huko nyuma. Usiogope, hii gari iko haraka.”

Hospitalini nilibaki kwenye varanda, lakini pazia halikufika mwisho. Nilimwona mkunga akiweka tumboni kile kijipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, akiegemeza sikio, akikisogeza, akisikiliza tena. Kisha akamwita mwenzake. Mwenzake alisikiliza mahali palepale na penginepo. Nilikuwa nimefundisha kwamba moyo wa mtoto tumboni hupiga karibu mara mbili ya moyo wa mtu mzima. Wale wanawake wawili walikuwa wakiutafuta mlio huo, nami niliona katika migongo yao kwamba haupo.

Daktari alisema wazi kwamba hawezi kujua mtoto alikufa saa ngapi, wala kama angeokolewa Alhamisi. Hakusema ningemwokoa. Hakusema nisingemwokoa. Nilimshukuru kwa uaminifu huo, kisha nikatoka nje nikashika ukuta.

Mkamwana alianzishiwa uchungu. Alizaa Jumamosi kabla ya adhuhuri, na alizaa kwa kazi ileile wanayoifanya wanawake wote: saa zilezile za kusukuma na jasho lilelile. Mwanangu alikuwa amefika kutoka Hima na nguo za kazini. Mkunga alitoka akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna anayetaka kumwona mtoto. Wanaume wa kwetu hawatazami. Mwanangu aliangalia sakafu.

“Mimi,” nilisema.

Alikuwa mvulana. Nilimchunguza kwa utaratibu, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kumtazama. Kucha zilikuwa zimefika ncha za vidole. Masikio yalikuwa yamekaza. Nywele zilikuwa nyingi, nyeusi, zimelowa. Mabega yalikuwa safi, manyoya yamekwisha kupukutika. Nyayo zilikuwa na mikunjo. Kila kilichoandikwa katika ukurasa wa wiki ya thelathini na saba kilikuwepo.

Wanawake walimzika siku hiyohiyo nyuma ya migomba, bila matanga, kwa kuwa hakulia.

Nilipofika nyumbani nilifungua kitabu kutafuta sentensi yangu, ile ya nafasi kuisha na mtoto kutulia. Nilipekua sura nzima, nikapekua tena Jumapili, na mara ya tatu juma lililofuata. Haikuwemo. Ilinichukua siku kadhaa kukumbuka nilikoipata. Aliisema mwalimu wa jiografia, baba wa watoto wengi, tukinywa chai katika ofisi ya walimu, miaka mingi nyuma. Yaani nilimjibu mkamwana wangu kwa neno la “wanasema”, na neno la jirani, ambalo lilikuwa kweli, nikalikataa kwa kuwa halikuwa na ushahidi.

Mwaka haukuisha mkamwana akapata mimba tena. Tangu siku alipoanza kumhisi mtoto, hakumtuma tena mke wangu. Kila asubuhi alisimama kwenye mlango wa jikoni, akanitazama kupitia ua, na kusema, “Anacheza, Baba.” Nami nilijibu, “Vema.” Mazungumzo yetu hayakuzidi hapo. Mke wangu aliacha kunitania, na mimi niliacha kusoma gazeti kwa sauti, ingawa mwezi wa sita ulipofika nilijua kwamba umefika.

Lakini swali la hesabu lilikuwa limeanza. Mwanangu alinijia Jumamosi moja.

“Baba, akiwa mvulana, mpe jina la tatu. Sitaki mwanangu atembee na kaburi ndani ya jina lake. Kila atakayemwita atauliza mwingine yuko wapi.”

“Na mama yake anasema nini?”

“Anasema alizaa watatu. Lakini hilo ni jambo la nyumba, si la mama peke yake.”

Nilimwambia nitachunguza. Nilikwenda Bwera mara kadhaa kuwauliza wazee. Wa kwanza alisema mtoto huhesabiwa akiwa na nywele. Wa pili alisema sharti alie. Wa tatu alisema huhesabiwa mama akiweza kumtaja bila kulia, na wa nne, ndugu yake wa damu, alisema mambo hayo huyajua wanawake. Kila mmoja alitaja babu zake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunionyesha mtoto mmoja, katika ukoo wake mwenyewe, aliyehesabiwa au kuachwa kwa kanuni aliyoitaja. Nilitafuta pia maandishi, sikupata. Niliandika majibu yao katika daftari, nikachora mstari chini yake, na chini ya mstari hapakuwa na kitu.

Safari ya mwisho nilipita kwa nyanya wa mkamwana wangu, aliyeuza samaki wakavu karibu na mpaka. Alizungumza Kiswahili cha ng’ambo, upande wa Kongo, na alizungumza bila kuacha kupanga samaki wake. Nilimweleza nilichokuja kutafuta.

“Weye mwalimu,” alisema, “unauliza batu bote wa Bwera. Ule mutoto, ulimuona na macho yako ao hapana?”

“Nilimwona.”

“Alikuwa na makucha?”

“Alikuwa nayo.”

“Na nywele?”

“Nyingi.”

“Basi iko mutu. Sasa unauliza nini?” Aliinua macho kwa mara ya kwanza. “Ama uko na woga watakuuliza iko wapi?”

Alinifungia samaki wawili katika gazeti, akasema niwapelekee watoto, akarudi kupanga.

Nimesahihisha karatasi nyingi maishani, na najua jinsi mwanafunzi anavyoandika kurasa nne ili asijibu swali moja. Daftari langu la Bwera lilikuwa kurasa za namna hiyo. Niliyekuwa nikimficha katika utafiti ule hakuwa mtoto.

Mjukuu alizaliwa katika wiki ya thelathini na tisa, mvulana, akilia kwa hasira. Siku ya kumpa jina walikuja ndugu wachache, jirani mwenye gari, na yule mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye nilikwenda kumwalika mwenyewe kwa miguu yangu. Alikuwa amevaa gomesi, gauni lake refu la kanisani, na alikaa karibu na mlango, kama mtu anayetarajia kufukuzwa.

Waliposubiri nitamke, niliwaeleza kwanza habari za Alhamisi ile: alichosema mkamwana, alichoshauri jirani, nilichojibu mimi, na kwamba jibu langu halikuwa katika kitabu chochote. Nilieleza nilichokiona hospitalini: kucha, masikio, nywele, nyayo. Nikasema huyo alikuwa mvulana wa tatu wa nyumba hii, na jina la tatu ni lake. Kisha nikamtaja mtoto aliyekuwa mikononi mwa mke wangu kwa jina la nne.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mwanangu aliinuka, akachukua mfuko wake, akaondoka kurudi Hima siku moja kabla ya wakati wake. Hakunilaumu siku hiyo wala baadaye, lakini kwa miezi mingi alizungumza nami kama mtu anayezungumza na mkuu wa ofisi. Yule mama jirani alilia kimya, na sikujua alilia kwa ajili ya nani. Mkamwana alikuwa ameketi nyuma ya mlango. Nilimsikia akimwomba mke wangu mtoto ili amnyonyeshe.

Chanjo ya kwanza ilipofika, mke wangu alikuwa mgonjwa wa magoti, nikampeleka mkamwana mimi. Tuliketi kwenye benchi moja, mtoto katikati yetu, na watu wa kwetu walitutazama. Muuguzi, msichana mchangamfu, Mkonzo kama sisi, alichukua kadi akasoma jina.

“Eh, wa nne! Mama, umefanya kazi. Wa tatu mmemwacha na nani nyumbani?”

Mkamwana aliniangalia, akasubiri.

“Wa tatu alifia tumboni,” nilimwambia muuguzi. “Wiki ya thelathini na saba. Mama yake alisema hachezi, na mimi nikasema ni kawaida.”

Muuguzi aliweka kalamu chini. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu, na mtoto wa mtu mwingine alikuwa ameanza kulia. Muuguzi alisema, “Pole, Baba,” akaichukua kalamu, akaendelea kuandika.